Usimpe Mama Mgongo

"Ukisahau yote, hili usilisahau," Pini alisema, akifunga upya kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. "Usimpe mama mgongo."

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

"Na nikibanwa haja?"

"Nenda kinyumenyume."

Fundi Lifti alicheka, kisha akamtazama usoni na kicheko kikamkauka. Walikuwa wamejibanza nyuma ya kibanda cha tiketi, kwenye geti la bustani kubwa, na upande wa pili zilisikika sauti za familia nzima ikishusha vikapu garini. Pini alinusa sabuni kwenye shingo ya mpenzi wake. Alitamani amshike mkono wakimbie, waende popote pasipo na mama wala cherehani. Badala yake alimnyoosha kola.

"Kwani huko nyuma kuna nini?" Fundi aliuliza. "Ulinivalisha gizani, hata kioo hukunipa."

Ikabidi amweleze. Shati lilikuwa la buluu lenye ndege weupe, na upande wa mbele ndege wote waliruka kuelekea kidevuni, kama ndege wanavyotakiwa. Mgongoni, ndege walewale walikuwa vichwa chini, miguu juu, wanapiga mbizi kuelekea kwenye suruali.

"Mimi nalipenda hivyohivyo."

"Wewe fundi wa lifti. Kwako juu na chini ni mamoja."

Kwa mama yake Pini hayakuwa mamoja. Mama alishonea nyumbani, kwenye sebule yenye mashine mbili na kiti kimoja cha wageni, na hakuna pindo lililowahi kutoka mle likiwa limepinda. Mapazia, sare za shule, magauni ya maharusi, vyote vilipita mikononi mwake. Ila kazi aliyoipenda kuliko zote ni nguo za matembezi. Kila mara familia ilipopanga kutoka, mama alinunua jora moja la kitambaa akawashonea wote, kuanzia shangazi hadi mtoto anayetambaa. Majirani walitania kwamba familia ile haiwezi kupoteza mtoto, maana atakayemwokota atajua pa kumrudisha.

Na mama hakuwahi kumpima mtu kwa futi. Alikutazama tu unavyotembea, akainamisha kichwa, kisha akakutolea kasoro yako mbele za watu bila haya. Wewe nyonga moja imepanda. Wewe umeanza kibiongo, acha kuinamia simu. Wifi yake Pini, kabla hajaolewa na kaka mkubwa, alikaa muda mrefu roho juu akingoja kusemwa. Siku mama alipomwambia kwamba mkono wake mmoja ni mrefu kuliko mwenziwe, alikwenda jikoni kulia kwa furaha. Ukishatolewa kasoro, mkasi uko njiani, na ukishavaa kitambaa cha mama, wewe ni mtu wa nyumba ile.

Fundi Lifti hakuwa ametolewa kasoro yoyote. Alikuwa amefika nyumbani mara chache, akakaa kwenye kile kiti cha wageni na kujibu maswali kwa adabu. Kila mara simu yake ililia kabla chai haijapoa. Pini alipouliza, "Mama, na yule utamshonea ya matembezi?" mama alikata uzi kwa meno na kujibu, "Huyo bado." Pini aliijua ile bado. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyemposa zamani, naye aliambiwa bado mpaka akaoa kwingine na kupata mapacha.

Ndipo shetani wa mapenzi akampanda. Mchana mmoja mama alikwenda kumtundikia mteja mapazia, na Pini, akitafuta chaki, alikuta kipande kizuri cha kile kitambaa cha ndege cha matembezi haya kimekunjwa chini ya mto wa kiti cha cherehani. Aliona ni bahati. Alikitandaza upesi, akakikunja mara mbili ili akate mbele na nyuma kwa pamoja, huku sikio liko mlangoni. Binti aliyezaliwa miguuni pa mashine, aliyeitwa Pini kwa sababu tangu utotoni alizibana midomoni kutwa nzima, akafanya kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Alikunja kitambaa kwa upana badala ya urefu. Kipande cha juu, cha mbele, ndege waliruka vizuri. Kipande cha chini, cha mgongo, walipinduka. Aliligundua hilo wakati shati limekwisha, kwenye hanga, na kitambaa kingine hakipo.

Angeweza kulitupa. Lakini alikumbuka siku walipokutana, alipokwama kwenye lifti ya jengo la maduka ya vitambaa, peke yake na jora la kitambaa cha mteja, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nje ya ule mlango mtu alimwambia, "Dada, mimi niko hapa. Siondoki mpaka utoke." Aliipenda sauti kabla hajaiona sura. Mtu kama huyo atakaaje kati ya ndugu zake, siku ya matembezi, na shati la dukani?

"Twende," alimwambia. "Na uso mbele."

Mama alikuwa amesimama kando ya mkeka, mkono mmoja kiunoni. Fundi aliinama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, kijana."

Macho ya mama yalianza kwenye kola, yakashuka kifungo kwa kifungo, yakatua kwenye mfuko wa kifuani na kukaa pale. Shangazi, ambaye kazi yake katika familia ni kusema ambalo wengine wanalimeza, alifungua mdomo. Mama alimkata jicho, na Shangazi akaufunga.

"Karibu," mama alisema. Hakusema zaidi ya hapo, akageuka kupanga vikombe.

Siku ikaanza, na kwa Pini ilikuwa ndefu kama foleni ya mwisho wa mwezi. Watoto walikimbilia bembea. Kaka mkubwa alileta mpira, na Fundi akachagua kuwa kipa, mgongo kwenye ua wa michongoma, akafungwa magoli mengi kuliko mtu mzima anavyopaswa kufungwa na watoto. Walipokaa kula mkate na mayai, alichagua pembe ya mkeka iliyogusa ukuta. Mama akasema jua linampiga, akahamia upande wa pili. Fundi naye akasogea. Mama akainuka kwenda kumfuta mtoto kamasi, akarudi kwa njia ya nyuma. Fundi akazunguka polepole, anatabasamu, kikombe mkononi.

"Huyu kijana ana jipu?" Shangazi aliuliza.

"Shangazi, jamani," Pini alisema.

"Nauliza tu. Nina dawa yake nyumbani."

"Kijana," mama aliita, "hebu niletee ile chupa ya chai, pale kwenye kikapu."

Kikapu kilikuwa mbali, chini ya benchi. Pini alijua kwamba mama ametega. Fundi alisimama, akamwangalia mama, akaanza kurudi kinyumenyume, hatua moja baada ya nyingine, mpaka akakanyaga sahani ya mayai na kumgonga wifi kwa kiwiko. Watoto walianguka kwa kicheko. Aliifikia chupa, akamletea mama kwa mikono miwili.

"Umefundishwa wapi kutembea hivyo?" mama aliuliza.

"Kazini, mama. Ukitoka kwenye lifti mbovu bila kuyatoa macho kwenye mlango, huanguki shimoni."

"Hapa pana shimo?"

"Sijui bado, mama."

Kaka mkubwa alipaliwa na chai. Hata mama pembe za midomo zilimcheza, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Pini alipumua. Macho yake na ya Fundi yalikutana juu ya vichwa vya watoto, yakakaa pamoja muda kidogo kupita adabu. Pini aliwaza kwamba huenda mambo yakawa sawa.

Simu ikalia.

Fundi alisikiliza, na uso wake ukabadilika. Pini aliujua ule uso. Aliupenda, na aliuogopa.

"Watu wangapi?" Fundi aliuliza kwenye simu. "Mzee anapumua vizuri? Mwambieni akae chini. Asijaribu kufungua." Akakata, akamwangalia mama. "Mama, naomba radhi. Kuna watu wamekwama kwenye jengo la pili kutoka hapa. Mmoja ni bibi mzee."

"Leo si siku yako ya mapumziko?"

"Ndiyo, mama."

"Hakuna fundi mwingine?"

"Yupo, lakini yuko ng'ambo ya mji. Mimi niko hapa." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Naja sasa hivi."

Kikombe cha mama kiligusa sahani kwa sauti. Shangazi aliangalia chini. Kaka mkubwa aliweka kikombe chake chini, akamtazama mama. Pini peke yake hakuelewa kilichotokea, aliona tu kwamba maneno matatu ya kawaida yameangukia mahali pabaya.

Fundi alianza kurudi kinyumenyume. Hatua ya kwanza, ya pili. Akasimama. Alimtazama Pini, na Pini alisoma swali lote machoni mwake: nikienda hivi sitafika, na nikigeuka nimekuharibia. Angetikisa kichwa tu, Fundi angetembea kama kaa mpaka getini.

"Nenda," Pini alisema. "Kimbia."

Fundi aligeuka na kukimbia. Ndege wote wa mgongoni mwake wakaonekana, vichwa chini, miguu juu, wakicheza kwa kila hatua mpaka getini, alikokuwa ameacha mfuko wake wa vyuma vya kazi kwa mlinzi.

"Bibi," binti wa kaka mkubwa alisema, "mbona ndege wa mjomba wanaanguka?"

Mama aliinuka, akakusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. "Pini, njoo tuoshe hivi."

Bomba lilikuwa nyuma ya miti ya maua, mbali na masikio. Mama alifungua maji mpaka mwisho.

"Kitambaa kile ulikitoa wapi?"

"Kwenye mabaki, mama."

"Mabaki yangu yanakaa wapi?"

"Kwenye kapu."

"Ulikitoa kwenye kapu?"

Pini alisugua kikombe kilichokuwa kimetakata. "Chini ya mto wa kiti."

"Lini umeniona naweka mabaki chini ya makalio yangu?"

Maji yalitiririka. Pini alihisi kitu kikimshuka kifuani, pole pole, kama mtu anayekumbuka kwamba hakuzima jiko.

"Nilikuwa nimemwekea yeye," mama alisema. "Kipande kizima cha shati. Nilitaka avae siku atakayoleta wazee wake."

"Mama, ulisema bado."

"Bado ni bado. Nikitaka kusema hapana mdomo ninao."

"Yule mwalimu je?"

"Yule mwalimu ulikuwa humpendi, nikakusaidia." Mama alifunga bomba. "Sikuwa nimemwona mgongo. Kila akija nyumbani simu inalia, anaondoka kwa adabu zake, anarudi kinyumenyume mpaka mlangoni kama anaaga mfalme. Nikasema, leo uwanjani nitamwona. Mtu akikaa mbele yako anajipanga. Anavuta tumbo, anatabasamu. Mgongo haujui kujipanga. Tangu asubuhi nazunguka kama mwewe, kumbe binti yangu amemkataza."

"Nani kakwambia nimemkataza?"

"Nimekuzaa."

Pini aliona haya, na haya ikageuka hasira, kama inavyogeuka kwa watu waliokosa. "Sasa si umemwona? Umeona anakwenda kuokoa watu. Mbona uso wako umekuwa hivyo? Amefanya kosa gani?"

"Amesema naja sasa hivi."

"Kila mtu anasema naja sasa hivi."

"Baba yako alisema." Mama alikaa kwenye ukingo wa bomba, jambo ambalo Pini hakuwahi kumwona akilifanya, maana alichukia kulowanisha nguo. "Uwanja kama huu. Wewe ulikuwa umelala mapajani mwangu. Nilikuwa nimeshona kitambaa cha maua ya manjano, na yeye nilimkatia shati lake kwa kumtazama mbele tu. Nilikuwa msichana, nilitazama meno yake. Tulikuwa tunakata tikiti. Akasema, naja sasa hivi. Nikamwangalia mgongo mpaka akatoka getini, na ndipo nikaona shati halikumkaa. Lilimvuta huku na huku kama nguo ya kuazima. Habari za ile nyumba yake nyingine nilizisikia baadaye. Shati langu ndilo alilovaa kwenda kwa mwenzangu."

Pini alikuwa ameambiwa kwamba baba alisafiri kikazi, akafia huko. Alitaka kuuliza, akaona macho ya mama, akaacha.

"Fundi si baba," alisema.

"Huenda."

"Atarudi."

"Mimi pia nilisema hivyo. Nililisema mpaka tikiti likachacha."

Walirudi kwenye mkeka. Pini aligeukia geti na hakulipa kisogo tena. Simu ya Fundi iliita bila kupokelewa. Alijiambia kwamba mtu aliye ndani ya shimo la lifti hapokei simu. Kisha akakumbuka chai zote zilizopoa, sinema aliyoitazama peke yake, keki aliyoikata na jirani kwa sababu mwenye sherehe alikuwa kwenye ghorofa ya kumi, na hofu ya mama ikamwingia taratibu, ikaikuta ya kwake imeshakaa humo. Alimpenda mtu huyu kwa sababu hawaachi watu waliokwama. Je, asiyekwama ataachwa mara ngapi?

Jua lililegea. Watoto walianza kulia ovyo, kilio cha usingizi. Mlinzi alipuliza filimbi ya kwanza na kaka mkubwa akaanza kupakia vikapu.

"Pini, gari linajaa."

"Nendeni. Namsubiri."

"Geti litafungwa, mdogo wangu. Atatupigia akitoka."

"Alisema anakuja hapa. Akija akakuta hamna mtu?"

"Akija," Shangazi alisema, na safari hii hakuwa anatania.

Pini alimgeukia mama. Alitegemea kuambiwa panda garini, na alikuwa amejiandaa kukataa, kwa mara ya kwanza maishani, mbele ya wote. Mama alichukua mkeka ambao kaka alikuwa ameukunja, akautandika tena na kukaa.

"Mama?"

"Wapeleke watoto," mama alimwambia kaka. "Sisi tutapanda basi. Nilisubiri peke yangu mara moja. Sitaki binti yangu asubiri peke yake."

Gari liliondoka. Waliketi bega kwa bega, nguo zao za ndege zimegusana. Mama aliokota uzi kwenye gauni la Pini akauviringa kidoleni. Pini alitaka kuomba msamaha kwa kitambaa, kwa uongo wa asubuhi, na kwa baba, jambo ambalo halikuwa kosa lake. Alilaza tu kichwa kwenye bega la mama, na mama hakukisukuma. Filimbi ya pili ikalia.

Mlinzi alikuwa ameshafunga bawa moja la geti alipopita mtu chini ya mkono wake, anahema, na mfuko wa vyuma umening'inia begani. Kifua cha shati kilikuwa cheusi kwa grisi. Mkono mmoja wa shati ulikuwa umechanika hadi kwenye kiwiko. Alipowaona wawili tu kwenye uwanja mtupu alipunguza mwendo, halafu akaja moja kwa moja, akasimama mbele ya mama.

"Nisamehe, mama. Yule bibi alikataa kutoka. Alisema hapandi ngazi ya mtu asiyemjua. Ikabidi nishuke nikae naye kwanza, anisimulie habari za wajukuu." Akamwangalia Pini, na sauti ikamshuka. "Simu niliiacha juu, kwenye mfuko. Nimechelewa. Lakini nimekuja."

Pini alisimama tu, amekaza mikono yake kifuani ili isimrukie mbele ya mama.

"Umekula?" mama aliuliza.

"Bado, mama."

"Geuka."

Fundi alimtazama Pini. Alikuwa amekatazwa asubuhi, na hata sasa, amechoka hivyo, alikuwa tayari kulishika agizo lake.

"Geuka tu," Pini alisema.

Fundi akageuka. Ndege walikuwa walewale, wanapiga mbizi, baadhi wameloa jasho, mmoja amepasuka kati. Mama aliinuka kutoka kwenye mkeka. Alikwenda kushoto, akaenda kulia. Akasogea karibu mpaka pua yake ikakaribia mshono wa bega, akarudi nyuma, kisha akainamisha kichwa upande mmoja. Pini aliuona ule mwinamo, akaujua.

"Bega la kulia limeshuka," mama alisema.

"Samahani, mama," Fundi alisema, uso umeelekea getini, haelewi kosa lake.

"Ni huo mfuko wa vyuma. Ndiyo maana shati linakuvuta kwapani. Na huyu aliyekushonea hakuliona, maana yeye anakutazama mbele tu."

Pini alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Machozi yalimtoka hata hivyo, yakapita kati ya vidole.

"Mama, naweza kugeuka sasa?" Fundi aliuliza.

"Subiri, mwanangu," mama alisema. "Sijamaliza."